Uhalisia Unaoongeza Raha: Mwongozo wa Simuleta za Mbio za Magari Mtandaoni kwa Dereva wa Dar es Salaam

Watengenezaji wa simuleta za mbio za magari, yaani programu za kompyuta zinazoiga uendeshaji wa gari la kweli, huuza uhalisia, na mtu anayeanza hudhani kwamba akiwasha kila kipengele kilichoandikwa "halisi" atakuwa amepata mbio tamu kuliko za mwenzake. Mara nyingi hupata kinyume chake: gari linazunguka kila kona, usukani unamchosha mikono, na haupiti muda mrefu kabla vifaa havijatangazwa kuuzwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mwongozo huu unafuata kanuni moja tu. Dereva wa gari la kweli hulisoma gari kwa mgongo na kiuno kabla hajalisoma kwa macho, ilhali mtu aliyekaa mbele ya skrini Sinza au Mbagala hana habari hiyo, kwa sababu kiti chake hakisogei. Uhalisia wenye faida, basi, ni ule unaomrudishia dereva habari iliyopotea kwa njia ya macho, miguu, mikono na masikio. Uhalisia usiomwambia dereva chochote ni mapambo, na mapambo yanaweza kusubiri. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa thamani ya habari inayopatikana kwa kila shilingi, ndiyo maana usukani, ambao karibu kila mtu huanza nao, umewekwa nyuma ya kiti na skrini.

Hatua ya kwanza: chagua programu inayolingana na kompyuta na mtandao wako

Assetto Corsa ya kampuni ya Kunos Simulazioni ya Italia ilitoka rasmi mwaka 2014, na umri huo ndio faida yake, kwani inakubali kompyuta ya kawaida yenye kadi ya michoro ya zamani, na wapenzi wake wametengeneza magari na njia za mbio nyingi mno. Assetto Corsa Competizione ya mwaka 2019 imejifunga kwenye magari ya daraja la GT3, yaani magari ya spoti ya barabarani yaliyogeuzwa kuwa ya mbio, na jamaa zake, nayo hudai kompyuta yenye nguvu zaidi, lakini mwenendo wa matairi na mvua umeshughulikiwa kwa makini, na katika nyongeza zake za kulipia imo njia ya Kyalami ya Afrika Kusini. iRacing, iliyofunguliwa mwaka 2008, hulipiwa usajili kwa dola, kisha magari na njia nyingi hununuliwa moja moja juu ya usajili huo. Ndiyo yenye mbio zilizopangwa kwa nidhamu kuliko zote, na ndiyo inayotoboa mfuko kuliko zote. Mwenye PlayStation ana Gran Turismo 7 ya mwaka 2022, ambayo wajuaji huipuuza bila sababu ya kutosha: ni mfululizo huohuo wa Gran Turismo uliomtoa Jann Mardenborough, mshindi mwaka 2011 wa GT Academy, mashindano ya kutafuta madereva miongoni mwa wachezaji wa Gran Turismo, kwenye kiti cha sebuleni hadi kwenye mbio za kweli za saa 24 za Le Mans.

Ikiwa mtandao wako ni wa simu na hauaminiki, anza na mbio za rali. Katika rali kila gari hushindana na saa, na gari la mwenzako halihitaji kuonekana mahali sahihi kwenye skrini yako kwa kuwa hamgusani. EA Sports WRC ya mwaka 2023 ina Safari Rally ya Kenya ndani yake, mashindano ambayo yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo vumbi lile jekundu na yale madimbwi yasiyotabirika si mambo mageni kwa dereva wa huku. Kumbuka tu kwamba programu hizi huchukua makumi ya GB. Bando la simu halifai kuzipakua, na ni afadhali kubeba kompyuta hadi kwa rafiki mwenye faiba ya nyumbani.

Hatua ya pili: kiti kisichosogea na breki inayosoma nguvu ya mguu

Ushindi wa mbio hupatikana au kupotea kwenye breki, na breki haiwezi kuwa sahihi ikiwa kiti kinarudi nyuma kila unapoikanyaga. Kiti cha ofisini chenye magurudumu ni adui wa kwanza. Huna haja ya kuagiza fremu kutoka nje ya nchi: mafundi wa kuchomelea wa Gerezani wanaweza kukutengenezea fremu ya bomba za chuma za mraba, maseremala wa Keko wanaweza kukutengenezea ya mbao nene, na kiti chenyewe, kilichotoka kwenye gari dogo la Kijapani lililokatwakatwa, hupatikana kwenye maduka ya spea za mtumba Ilala kikiwa na reli zake za kusogeza mbele na nyuma. Mpelekee fundi vipimo vitatu: urefu wa kutoka kiunoni hadi kwenye kisigino ukiwa umekaa goti limekunjika kidogo, kimo cha mabega, na umbali wa mikono ambao viganja vinagusa juu ya usukani bila mgongo kuachana na kiti. Mwambie pia kwamba sahani ya pedali itasukumwa kwa nguvu za mguu mzima, la sivyo atakuchomelea kitu cha kuwekea televisheni.

Pedali za bei nafuu, kama zile zinazokuja na usukani wa Logitech G29, hupima umbali ambao pedali imesogea. Pedali za breki zenye kihisi cha uzito hupima nguvu uliyoweka. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyosikika, kwa kuwa misuli ya mguu hukumbuka nguvu vizuri zaidi kuliko inavyokumbuka masafa, na dereva anayeweza kurudia nguvu ileile kila mzunguko ataanza kufunga breki mahali palepale kila mzunguko. Ukiwa na fedha za kuongeza kitu kimoja tu, ongeza pedali ya breki kabla ya kubadilisha usukani. Ukiwa huna, ingia kwenye mipangilio ya programu, utafute mkunjo wa breki, ambao wengine huuita gama, na uupandishe kidogo ili nusu ya kwanza ya mwendo wa pedali iwe laini na udhibiti uhamie mwishoni, mahali ambapo mpira ulio ndani ya pedali unaanza kukaza.

Jambo moja la hali ya hewa yetu halitajwi katika miongozo ya Ulaya. Vihisi vya ndani ya pedali za bei nafuu hufanya kazi kwa kusugua, na vumbi likichanganyika na unyevu wa pwani huvifanya vitoe ishara za kurukaruka. Utaona gari linafunga breki kidogo lenyewe kwenye barabara iliyonyooka. Kabla hujamlaumu aliyekuuzia, fungua pedali, pulizia dawa ya kusafishia viungio vya umeme, ikanyage mara nyingi, kisha uisawazishe upya kwenye kompyuta. Wakati ambao huchezi, zifunike kwa kanga kuukuu.

Hatua ya tatu: rekebisha upana wa kuona

Hii ni hatua isiyogharimu hata shilingi, na ndiyo inayorukwa na wengi. Skrini ni dirisha, na programu inapaswa kujua dirisha hilo lina upana gani na liko mbali kiasi gani na macho yako, ili kona iliyo mita 100 mbele ionekane iko mita 100 mbele. Hesabu yake ni rahisi: gawanya nusu ya upana wa skrini kwa umbali wa jicho hadi skrini, tafuta kwenye kikokotoo pembe ambayo tanjiti yake ni jibu hilo, kisha izidishe mara mbili. Skrini ya inchi 27 ina upana wa sentimita 60 hivi. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwayo, pembe ya mlalo ni nyuzi 53, na ya wima ni nyuzi 31. Televisheni ya inchi 43 ya sebuleni, ukiitazama kutoka kwenye kochi lililo mita 2.5 nyuma, inakupa nyuzi 22 hivi tu, sawa na kuchungulia barabara kupitia bomba. Ndiyo maana skrini ndogo iliyosogezwa hadi nyuma tu ya usukani ni bora kuliko televisheni kubwa iliyo ukutani.

Programu nyingine hupokea pembe ya wima na nyingine pembe ya mlalo, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kuandika namba. Ukishaweka thamani sahihi, siku ya kwanza utahisi gari linakwenda polepole na kwamba umefungiwa ndani yake. Vumilia. Pembe pana iliyozoeleka huwa inadanganya: inasukuma kona mbali, inaongeza hisia ya mwendo pembezoni mwa skrini, na inakufanya ukisie breki badala ya kuipima. Mwenye skrini moja anaweza kuongeza nyuzi chache juu ya zile za hesabu ili aone vioo, lakini ni salama zaidi kutumia rada, yaani kielelezo cha kwenye skrini kinachoonyesha magari jirani, au programu ya sauti inayokutangazia kuwa kuna gari kushoto au kulia kwako. Hapo wenye misimamo mikali watasema kwamba rada si uhalisia. Dereva halisi huhisi na kusikia gari lililo ubavuni, na hugeuza shingo. Rada inamrudishia alichonyang'anywa, na kwa kipimo cha mwongozo huu ina uhalisia zaidi kuliko kutokuwa nayo.

Tumia mwonekano wa ndani ya gari. Magari mengi ya mbio yana usukani upande wa kushoto, na kwa mtu aliyezoea kukaa kulia, kama sisi sote tunaoendesha magari ya Kijapani, kona za kulia zitaonekana zinakupita kwa mbali mwanzoni. Macho yatazoea.

Kuhusu uzuri wa picha kuna neno moja tu la kusema: punguza vivuli, watazamaji na maakisi ya vioo hadi kompyuta itoe picha 60 kwa sekunde bila kuyumba hata pale mwanzoni mwa mbio magari yote yanapokuwa mbele yako.

Hatua ya nne: usukani useme ukweli

Nguvu inayorudi kwenye usukani ndiyo mlango wa habari wa pili kwa ukubwa baada ya macho. Inatokana na jinsi matairi ya mbele yanavyojisukuma kurudi kwenye mstari, na inapopungua ghafla katikati ya kona ni tairi la mbele linalokuambia kwamba limefika mwisho wa kushika. Ujumbe huo husikika ikiwa mota ya usukani haijazidiwa. G29 ina nguvu ya takriban nyutonimita 2, nyutonimita ikiwa kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Moza R5, ambayo mota yake imeungwa moja kwa moja na usukani bila gia wala mkanda, ina nyutonimita 5.5. Ukipandisha nguvu hadi mwisho kwenye kifaa kidogo, kila kitu kinakuwa kizito kwa kiwango kilekile, na tofauti kati ya tairi linaloshika na linaloachia inapotea kwa sababu mota imeshafika kilele cha nguvu zake. Programu nyingi huonyesha mstari au taa nyekundu pale mota inapozidiwa. Endesha mizunguko michache kwenye njia yenye kona za kasi, ukishusha nguvu hadi taa hiyo iwake mara mojamoja tu kwenye matuta ya ukingoni. Mitetemo ya ziada ya barabara na injini izime yote, kwa sababu inafunika sauti unayotaka kuisikia.

Joto la Dar es Salaam nalo lina sehemu yake. Mota ndogo zikipata moto hupunguza nguvu zenyewe, na mwezi wa Februari katika chumba kisicho na kiyoyozi usukani wa mbio za nusu saa unaweza kuanza kizito na kumalizia laini. Elekeza feni kwenye usukani, na si kwako peke yako.

Hatua ya tano: ondoa misaada ya dereva kwa mpangilio

Msaada wa kwanza kuondoa ni mstari wa rangi unaochorwa barabarani, kwa sababu macho yakiufuata hayajifunzi kutafuta alama za breki, kama vile ubao wa mita 100, mwanzo wa ukingo au kivuli cha daraja. Wa pili ni mfumo wa kulituliza gari usiokuwepo kwenye gari lenyewe, na wa tatu ni gia za kujibadilisha. ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapofunga breki, na mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza unapoongeza mwendo ni suala jingine. Magari ya GT3 ya kweli yanayo yote mawili, na dereva huyarekebisha kwa vitufe vya kwenye usukani. Anayeyazima kwa kujivuna anaendesha gari ambalo halipo. Magari ya Formula 1, kwa upande mwingine, hayaruhusiwi ABS, na mfumo wa kuzuia kuteleza ulipigwa marufuku tena mwaka 2008, kwa hiyo ukichagua gari la Formula 1 la miaka ya sasa jiandae kwa mguu mwepesi. Kanuni ni kuuliza gari husika lina nini, kisha kukiacha hicho tu.

Anza na gari lenye nguvu ndogo. Mazda MX-5, inayotumiwa na wanaoanza katika iRacing, inaonyesha kila kosa polepole kiasi cha kueleweka, na mbio zake huwa za karibukaribu na za kusisimua kuliko za magari yenye nguvu za farasi 500 yanayoendeshwa na watu wasioyamudu. Mipangilio ya gari iache ilivyo, isipokuwa shinikizo la matairi. Katika Assetto Corsa Competizione matairi ya barabara kavu hufanya kazi vizuri yakiwa na psi 26 hadi 27 yakishapata moto. Endesha mizunguko minne au mitano, soma namba, rudi karakana urekebishe. Kazi hiyo ndogo hubadilisha gari zaidi kuliko siku nzima ya kuhangaika na springi.

Hatua ya sita: mtandao na umeme

Kebo za chini ya bahari za SEACOM, iliyofika mwaka 2009, na EASSy, iliyofuata mwaka 2010, ndizo zilizoifanya michezo ya namna hii iwezekane hapa, lakini hazikufuta umbali. Mwanga husafiri ndani ya faiba kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa waya wenye urefu wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya sekunde, kabla kifaa chochote cha njiani hakijaongeza chake. Hakuna kifurushi cha kampuni yoyote kitakachoifanya seva ya Ujerumani, yaani kompyuta ya huko inayowaunganisha madereva wa mbio, iwe jirani. Tafuta kwanza seva zilizoko Afrika Kusini, na zikikosa madereva, nenda Ulaya ukijua unachokwenda kukutana nacho.

Unachokutana nacho ni hiki. Gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa husafiri mita 56 hivi kwa sekunde, hivyo kwa milisekunde 150 limesogea mita 8, karibu urefu wa magari mawili. Programu hufidia kwa kukisia gari la mwenzako litakuwa wapi, na makisio hayo ni mazuri kwenye barabara iliyonyooka na mabaya pale anapofunga breki ghafla. Kwa hiyo dereva wa Dar es Salaam anayeshindana kwenye seva ya mbali anapaswa kuacha nafasi ya ziada mahali pa breki, hasa kona ya kwanza ya mbio, na kupita mahali ambapo magari yote mawili yanaongeza mwendo. Huku si kuendesha kwa woga: unayemwona yuko nyuma ya alipo kweli au mbele yake, naye anakuona vivyo hivyo.

Kuyumba kwa muda wa ujumbe, yaani muda ambao taarifa hutumia kwenda kwenye seva na kurudi, ni kubaya kuliko muda mrefu uliotulia. Milisekunde 180 zisizobadilika zinakisika. Zinazoruka kati ya 90 na 300 zinalifanya gari lako liruke kwenye skrini za wengine na kukufukuzisha kwenye seva. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya badala ya Wi-Fi, na uwaombe waliomo nyumbani waahirishe kupakia video kwa muda wa mbio. Mbio zenyewe hutumia data kidogo, hivyo usilipie kasi kubwa kwa ajili yake peke yake. Na pale kebo zinapokatika, kama ilivyotokea Mei 2024 kwa EASSy na SEACOM kwa pamoja, fanya mazoezi dhidi ya saa.

UPS ndogo, yaani betri ya akiba ya kompyuta, si ya kumalizia mbio umeme unapokatika. Ni ya kukinga kompyuta isizimike kwa kishindo na kuvuka zile sekunde chache za kuyumba. Chomeka ruta kwenye UPS hiyohiyo, kwani kompyuta iliyobaki hai bila mtandao imeshatoka kwenye mbio.

Hatua ya saba: ingia mbioni

Chagua mbio kwa nidhamu yake kabla ya kuangalia gari. iRacing hukupandisha leseni kwa kuzingatia usalama wa uendeshaji wako, na mtu anayemaliza wa kumi bila kugusana na yeyote hupanda upesi kuliko mshindi mgomvi. Seva za wazi zisizo na kipimo chochote ndizo zinazowafanya watu waamini kwamba hawapendi simuleta, wakati wasichokipenda ni kugongwa kona ya kwanza kila mara. Madhara ya ajali, matumizi ya mafuta na uchakavu wa matairi viwashe vyote kwenye mbio za dakika 40 na kuendelea, kwa maana hapo vinazaa maamuzi. Kwenye mbio za dakika 15 vinazaa hasira tu.

Ukitoka nje ya barabara, simama hadi magari yapite, kisha urudi ukiambaa pembeni. Bendera ya bluu, inayokuambia kwamba gari la kasi linalokuzidi mzunguko liko nyuma yako, ikipepea, shikilia mstari wako na umwache anayekuja akupite; kuhama ghafla kwa nia njema husababisha ajali nyingi kuliko ubishi. Anayetaka kupita kwa ndani awe ameshafika ubavuni kabla mwenzake hajaanza kukata kona, na kwa seva ya mbali awe amefika mapema zaidi ya hapo.

Saa nazo zihesabiwe vizuri. Mbio za saa 20:00 za Ujerumani ni saa nne usiku kwetu wakati wa baridi yao na saa tatu usiku wakati wa kiangazi, kwa kuwa wao hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba na sisi hatubadilishi. Ingia nusu saa kabla, endesha mizunguko ya kupasha matairi na macho moto, angalia muda wa ujumbe wako ukiwa na magari mengine barabarani, na ukiona unaruka hovyo jiondoe kabla ya taa za kuanzia, ili nafasi yako aipate aliyekuwa kwenye foleni.